Mfumo wetu wa zamani umejaa marekebisho, tuhame lini?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa kitu kimoja, ile programu ya ofisi ya miaka mingi ambayo kila aliyepita kaichomekea kitu chake na sasa hamna anayejua ndani kuna nini. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu manake ndo imebeba mzigo wenyewe, zingine kwa kifupi.

SWALI

Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni meneja wa fedha kwenye kampuni ya usambazaji. Mauzo, stoo, manunuzi na uhasibu vyote viko kwenye mfumo mmoja, tuliununua miaka kumi na minne iliyopita na tangu hapo tumeuchonga mpaka waliotuuzia wenyewe hawautambui. Tuna skrini zetu, ripoti zetu, namna yetu ya kukokotoa komisheni, vyote viliandikwa na kijana mmoja ambaye aliondoka kitambo. Sasa muuzaji katuandikia kwamba sapoti ya toleo letu inaisha, anataka tuhamie jipya. Mkurugenzi anasema mfumo unafanya kazi, hela ya nini. Mtu wetu wa IT anasema tumeshachelewa. Mi niko katikati na ndo natakiwa niandike pendekezo. Nitajuaje kama muda umefika kweli au tunatishwa tu?

Meneja wa Fedha

JIBU

Ndugu Meneja, umri wa mfumo peke yake sio sababu ya kuuhama, na barua ya muuzaji peke yake sio sababu pia. Kuna mifumo ya miaka thelathini na zaidi inafanya kazi za benki mpaka leo, na kuna ya miaka mitano ambayo tayari inawatesa watu. Mimi ninachoangalia kwanza ni hiki: mkitaka kubadilisha kitu kidogo leo, mnaweza? Tuseme kiwango cha kodi kimebadilika, au mnataka kuongeza sehemu moja kwenye fomu ya oda, toka mtu aombe mpaka kianze kutumika inachukua muda gani, na je yupo mtu anayethubutu kugusa? Kama zamani ilikuwa kazi ya siku mbili na sasa hivi ni ya miezi, au jibu mnalopewa ni "hapo tusiguse itaharibu kwingine", basi huo mfumo umeganda, na ukishaganda ndo unaanza kuiamulia kampuni iuze nini na iuzeje. Hapo ndo muda umefika, hata kama sapoti ina miaka mitano mbele. Chukua maombi ya mabadiliko ya miaka mitatu hivi ya nyuma, angalia yaliombwa lini na yalikamilika lini, na mangapi yalikataliwa. Huo mstari ukiuona unapanda kila mwaka huhitaji mshauri akwambie.

Halafu hilo neno la mkurugenzi, "unafanya kazi". Simpingi, ila ningemuomba aulize unafanya kazi kwa nguvu za nani. Shuka kakae na watu wa stoo na wa ankara, usiwaulize kama mfumo ni mzuri manake wameshauzoea watakwambia uko sawa tu, we waangalie wanavyofanya. Utakuta mmoja anatoa data anaipeleka Excel anakokotoa huko halafu anairudisha kwa mkono namba moja moja, mwingine ana daftari la wateja ambao mfumo ukiwagusa unagoma, mwingine mwisho wa mwezi anakuja alfajiri kwa sababu ile ripoti ikiendeshwa mchana ofisi nzima inakwama. Hizo saa zote ni gharama za mfumo wa zamani, hazionekani kwenye bajeti kwa vile zimejificha ndani ya mishahara. Ziandike. Mkurugenzi akilinganisha bei ya kuhama na sifuri, kuhama kutashindwa kila mwaka, lakini kubaki hakujawahi kuwa bure.

Sasa tuje kwenye tarehe ya sapoti kuisha. Barua mliyopewa inazungumzia programu moja, ila mfumo wenu umekaa juu ya vitu vingine vingi, kuna Windows ya seva, kuna databesi, kuna lugha iliyotumika kuandika yale marekebisho, kuna mpaka toleo la Office ambalo ripoti zenu zinalitegemea. Kila kimoja kina tarehe yake, na iliyo karibu kuliko zote ndo tarehe yenu. Windows Server 2012 sapoti yake, ukiacha ile ya kulipia nyongeza, mwisho wake ni Oktoba 10, 2023, SQL Server 2014, databesi ya Microsoft, ni Julai 9, 2024, SQL Server 2016 ni Julai 14, 2026, Windows Server 2016 ni Januari 12, 2027. Kwenye programu zenyewe za kuendeshea kampuni kama hiyo yenu, SAP ECC 6.0 kwa matoleo yake ya mwishomwisho imepewa mpaka mwisho wa 2027, na anayekubali kulipa zaidi anasogezewa mpaka mwisho wa 2030. Dynamics GP ya Microsoft sapoti ni mpaka Desemba 31, 2029 na viraka vya usalama (marekebisho madogo ya kuziba matundu) mpaka Aprili 30, 2031. Tarehe hizi saa ingine zinasogezwa, hiyo ya SAP awali ilikuwa 2025 na wakaibadilisha mwaka 2020, lakini usije ukapanga kwa kutegemea kusogezewa.

Ukishaipata tarehe yenu usiifanye ndo siku ya kuanza, hesabu kurudi nyuma. Kuna kuorodhesha marekebisho, kuamua yapi yanakwenda, kuyajenga upya, kusafisha data, kutesti, kurudia kutesti, kufundisha watu, na mnatakiwa mfunge angalau mwisho wa mwezi mmoja kwenye mazingira ya majaribio kabla ya kwenda laivu, yaani kuanza kuutumia kikweli. Kwa mfumo uliochongwa kama wenu mwaka mmoja mpaka miwili sio ajabu hata kidogo. Na wataalamu wanaoujua mfumo wa zamani na mpya pia ni wachache, tarehe ikikaribia kila kampuni inawatafuta haohao kwa wakati mmoja, bei inapanda na wazuri wanakuwa wameshachukuliwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakitazamii, mara nyingi mfumo wa zamani hauharibiki wenyewe, dunia ya nje ndo inahama na kuuacha. TLS 1.0 na 1.1, zile njia za zamani za kulinda mawasiliano ya mtandaoni, zilitangazwa rasmi kwamba zisitumike tena Machi 2021, na kabla ya hapo watu wa kadi za malipo walishataka zile za zamani kabisa zitoke ifikapo Juni 30, 2018, kwa hiyo mifumo iliyokuwa haijui njia mpya ikajikuta haiwezi kuongea na benki. Oktoba 2022 Microsoft walianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwenye barua pepe zao kwa jina na pasiwedi tu, na programu zilizokuwa zinasoma oda za wateja kutoka kwenye barua pepe zikanyamaza. Kivinjari cha Internet Explorer kilistaafishwa Juni 15, 2022 na kuna skrini za ofisini zilikuwa zinafunguka humo tu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosababishwa na mfumo kuzeeka kwenye seva yake, pale ulikuwa mzima kabisa. Kwa hiyo orodhesha kila kitu cha nje ambacho mfumo wenu unaongea nacho, benki, mamlaka ya kodi, wasafirishaji, barua pepe, na mbele ya kila kimoja andika kinaunganishwa vipi na nani anajua kukirekebisha kikikatika usiku. Ukikuta mbele ya viwili vitatu umeacha wazi kwa sababu humjui mtu, hiyo iweke kwenye pendekezo ukurasa wa kwanza.

Nakuja kwenye marekebisho yenyewe na hapa naomba usome taratibu, manake ndo panapoamua kama kuhama kutakuwa kwa bei ya kawaida au kutawamaliza. Watu wanaogopa kuhama wakifikiri kila kilichoandikwa kwa miaka kumi na minne lazima kiandikwe tena upande wa pili. Sio kweli. Sehemu kubwa ya marekebisho ya zamani huwa imeshakufa na hakuna aliyeizika. Kuna ripoti iliyotengenezwa kwa ajili ya bosi aliyeondoka, kuna skrini ya bidhaa mliyoacha kuiuza, kuna kitu kilichoandikwa kuzunguka hitilafu ambayo muuzaji alishairekebisha zamani, na kuna vitu ambavyo wakati ule havikuwepo kwenye programu ikabidi mjiandikie, leo toleo jipya linavyo tayari na pengine vizuri zaidi ya vyenu.

Utayajuaje yaliyokufa? Usiulize watu, kila mtu atakwambia anahitaji kila kitu. Mwambie mtu wa IT awashe kumbukumbu za matumizi, mifumo mingi mikubwa inayo, SAP kwa mfano wana chombo kinaitwa SCMON kinachoandika msimbo (yale maelekezo ya programu) upi umetumika na upi haujaguswa, na kama mfumo wenu hauna basi mnaweza kuongeza mstari mdogo kwenye kila ripoti na kila skrini yenu uandike jina la mtumiaji na tarehe. Iacheni ikimbie mwaka mzima wa fedha. Mwaka mzima, sio miezi mitatu, manake kuna ripoti inaitwa mara moja tu wakati wa kufunga hesabu na mkiifuta mwezi wa sita mtaililia mwezi wa kumi na mbili. Ndo maana pia nasema hii kazi ianze leo hata kama mkurugenzi hajaamua lolote, haina gharama ya maana, na mwaka ukiisha mnakuwa na ushahidi mkononi badala ya kubishana.

Yatakayobaki hai yagawe kwa kuuliza yapo kwa ajili ya nini. Kuna yaliyopo kwa sababu sheria inataka, hayo hayana mjadala ila angalia kwanza kama toleo jipya halijayabeba. Kuna yaliyopo kwa sababu ndo yanawaingizia hela, pengine hiyo komisheni yenu ndo inawafanya mawakala wawapende nyie na sio mshindani, hiyo ilinde na ilipie. Na kuna yaliyopo kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Hili fungu la mwisho ndo huwa kubwa kuliko yote, na ndo fungu ambalo wewe kama meneja unatakiwa uwe mgumu, kwa kila kimoja aliyekiomba aje aeleze mteja atapoteza nini kikiondoka. Akishindwa kueleza, kiondoke.

Angalia pia yaliandikwa vipi. Kuna tofauti ya fundi aliyeongeza mfuko kwenye shati na fundi aliyekata shati lenyewe. Marekebisho yaliyokaa pembeni, yanayoongea na mfumo kupitia milango aliyoiacha muuzaji, yanahamishika. Yaliyoingia ndani yakabadilisha msimbo wa msingi, kila toleo likitoka ni kazi upya, ndo maana kampuni zinaruka toleo moja, la pili, la tatu, na kila mnaporuka pengo linapanuka. Wauzaji wenyewe wameshaliona hili. Waliokuwa wanatumia Dynamics NAV, programu nyingine ya Microsoft ya kuendeshea kampuni, walizoea kubadilisha msimbo wa ndani watakavyo, lakini ilipogeuka kuwa Business Central, kuanzia toleo la 15 la Oktoba 2019 ile lugha ya zamani ya C/AL iliondolewa kabisa, kila unachoongeza kinakaa nje kama nyongeza. Ni maumivu kwa anayehama mara ya kwanza, ila baada ya hapo matoleo yanapanda bila vita. Kwa hiyo mwambie mtu wako akuhesabie ni mangapi yamekaa pembeni na mangapi yamekata shati, hiyo hesabu ya pili ndo itakwambia kazi ina ukubwa gani kuliko idadi ya ripoti.

Kuna nyakati pia jibu ni "bado". Kama mko katikati ya kuungana na kampuni nyingine, subirini mjue mtakuwa nani. Kama hamuwezi kuwatoa watu wenu wawili watatu wanaoijua kazi kwelikweli wakakaa kwenye mradi karibu muda wote, msianze, manake mshauri wa nje hawezi kuamua kwa niaba yenu ankara ipite kwa nani. Na msiende laivu karibu na msimu wenu wa mauzo makubwa. Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, mwaka 1999 waliwasha mifumo yao mipya mwezi Julai, wakati oda za Halloween, sikukuu ya Oktoba ya kugawa pipi, ndo zinaingia, baada ya kubana mradi uliokuwa upangiwe miezi 48 ukawa wa 30. Pipi zilikuwepo stoo, mfumo ukashindwa kuzitoa, oda za kama dola milioni 100 hazikufika.

Ila kusubiri nako kuna bei, na mkurugenzi wako anastahili kuisikia. Shirika la ndege la Southwest la Marekani lilikuwa na mfumo wa kupanga wafanyakazi wa ndege ambao chama cha marubani wake kilikuwa kinaulalamikia kwa miaka. Siku za kawaida ulikuwa unafanya kazi. Desemba 2022 ikaja dhoruba ya baridi, mashirika mengine yakajikusanya ndani ya siku chache, Southwest wao mfumo ukazidiwa na mabadiliko, wakawa wanawatafuta marubani kwa simu, safari karibu 17,000 zikafutwa na abiria zaidi ya milioni mbili wakakwama. Mwaka uliofuata serikali ikawapiga adhabu ya dola milioni 140.

Kwenye pendekezo lako basi usiandike "tuhame" wala "tubaki". Andika maombi mangapi ya mabadiliko yamekwama na kwa muda gani, saa ngapi za watu zinaliwa kila mwezi, tarehe ya karibu kuliko zote ni ipi na mradi unatakiwa uanze lini ili iwahiwe, watu wangapi wanaweza kuurekebisha mfumo leo (kama ni mmoja, au hayupo kabisa, sema waziwazi), na omba kibali cha kitu kimoja kidogo, kuwasha kumbukumbu za matumizi na kumlipa mtaalamu asome msimbo wa komisheni auandike kwa lugha ya kawaida. Hicho hata mkurugenzi mbishi ni vigumu kukikataa, na hata mkiamua kubaki mtakihitaji.

SWALI

Habari. Mi ni programa, mfumo wa kampuni yetu tuliandika wenyewe na umechoka kabisa, msimbo wake hausomeki. Nimemshauri bosi tuachane nao tuandike mpya kutoka mwanzo kwa lugha ya kisasa, kakubali, ila wenzangu wanasita. Wana sababu?

Programa

JIBU

Wanayo, kaka, na wasikilize. Ule msimbo usiosomeka una vitu ndani yake ambavyo havijaandikwa popote pengine. Ile "kama" ya ajabu kwenye mstari wa mia nne, inayosema mteja wa aina fulani asitozwe usafiri siku ya mwisho wa mwezi, kuna mtu aliilipia kwa ugomvi na mteja. Ukianza upya unavitupa vyote, halafu unaanza kuvigundua kimoja kimoja watumiaji wakiwa wanakulalamikia. Netscape walitoa kivinjari chao cha toleo la 4 mwaka 1997, wakaamua kuandika upya, toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 lilitoka Novemba 2000, na katikati hapo Microsoft walikuwa wanachukua soko bila kusumbuliwa.

Sisemi mbaki na mlichonacho. Chagua kipande kimoja chenye mipaka inayoeleweka, mfano bei na punguzo, kabla ya kukigusa andika majaribio yanayoonyesha cha zamani kinajibu nini kwa data halisi, jenga kipya, viendeshe vyote viwili kwa pamoja mlinganishe majibu, vikikubaliana zima cha zamani, nenda kipande kinachofuata. Ni polepole na haina raha ya kuanza na ukurasa mweupe, naijua hiyo hamu. Ila mkisimamishwa katikati kwa sababu hela imeisha, mnakuwa na mfumo ulio bora kuliko jana. Ukiandika upya wote ukasimamishwa katikati, huna kitu.

SWALI

Shikamoo mwandishi. Mimi ni msimamizi wa stoo. Kampuni imenunua mfumo mpya na sisi watumiaji tumeitwa kusema tunataka nini. Wenzangu wote tumekubaliana tuombe skrini ziwe kama za zamani na hatua zilezile, ili kazi isisimame. Bosi wa mradi anasema hapana, tubadilike sisi. Mbona anatuonea?

Msimamizi wa Stoo

JIBU

Marahaba mwanangu. Naelewa kabisa, nyie ndo mtakaokuwa mnapokea mzigo huku dereva anapiga honi, sio yeye. Lakini kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, Aprili 2022 ilihamia mfumo wa Oracle kutoka wa SAP, na badala ya kufuata mfumo unavyokuja walibadilisha mambo mengi ili wabaki na taratibu zao, kikubwa kikiwa sehemu ya kulinganisha hesabu za benki. Ile sehemu ikafeli, wakawa hawajui hela ipi imeingia ya nani, watu wakaajiriwa kufanya kwa mkono, mradi uliokadiriwa pauni milioni 19 makadirio yake yakapita milioni 100, na mwisho wameamua kuanza tena na mfumo kama unavyokuja. Yaani kile walichokikwepa kwanza ndo wanakifanya sasa, kwa bei nyingine.

Ila mna haki ya kukataa baadhi ya vitu na nataka mkitumie vizuri hicho kikao. Msiombe "iwe kama zamani". Leteni kazi halisi, mzigo umefika pungufu, lebo haisomeki, mteja karudisha nusu, gari mbili zimefika kwa wakati mmoja, muwaambie "tuonyesheni hili likifanyika hapa mbele yetu kwenye mfumo mpya na tuhesabu linabonyezwa mara ngapi". Pale ambapo hatua moja imekuwa saba, hapo piganieni. Pale ambapo ni batani tu imehama kutoka kushoto kwenda kulia, iacheni, mikono itazoea ndani ya wiki chache.

SWALI

Sisi hatuna hela ya kuhama kwa sasa na sapoti imeshaisha. Tutaishije?

IT wa Kampuni Ndogo

JIBU

Inawezekana kwa muda, ila iwe ni uamuzi wenye tarehe ya mwisho sio mazoea. Angalieni kama mnaweza kununua viraka vya usalama vya nyongeza, Microsoft huwa wanaviuza mpaka miaka mitatu baada ya sapoti kuisha kwa SQL Server na Windows Server, na kuna kampuni za pembeni zinazotoa sapoti kwa mifumo ambayo mwenyewe kaiacha. Itoeni seva kwenye intaneti, iwekeni kwenye kipande chake cha mtandao, kompyuta chache tu ziifikie. Kila bakapu ijaribiwe kwa kurudishwa kweli kwenye mashine nyingine, na hakikisheni mnazo zile faili za kusakinisha na namba za leseni, manake seva ikifa mnaweza kuwa na data na msiwe na pa kuiweka.

Na vile viraka ambavyo bado vinapatikana, wekeni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipopiga, hospitali za umma za England angalau mashirika 80 kati ya 236 yaliathirika, na kiraka cha kuziba tundu hilo Microsoft walishakitoa tangu Machi. Wengi walioumia walikuwa na Windows yenye sapoti, hawakuwa wamekiweka tu.

SWALI

Tumeshaamua kuhama na maandalizi yanakwenda vizuri. Kilichobaki tunabishana tuhamishe idara zote wikiendi moja au moja moja. Unashauri nini?

Kiongozi wa Mradi

JIBU

Moja moja, kama mfumo unaruhusu. Mtapata kero ya kuendesha miwili kwa wakati mmoja na kuunganisha data katikati, nakubali ni kazi, ila kosa likitokea linaumiza idara moja. Benki ya TSB ya Uingereza Aprili 2018 ilihamisha wateja wake milioni 5 na kitu kwenda mfumo mpya ndani ya wikiendi moja, mpaka milioni 1.9 kati yao wakafungiwa nje ya akaunti zao, ilichukua miezi kutulia, na Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kuna mifumo haigawanyiki, hesabu kuu na stoo zimeshikana sana, hapo wikiendi moja haiepukiki. Basi fanyeni mazoezi kamili kabla, na data yote sio sampuli, mkiwa na saa mkononi, mara ya kwanza mtashangaa kuhamisha tu data kumekula usiku mzima mliokuwa mmeupangia kutesti. Rudieni mpaka muda uingie kwenye wikiendi na nafasi ibaki. Na kabla ya siku yenyewe andikeni kwenye karatasi, ni saa ngapi Jumapili ambayo kama hesabu za pande mbili hazijalingana mnarudi mfumo wa zamani, na ni nani mwenye sauti ya mwisho ya kusema turudi. Awe mtu mmoja, jina lake liandikwe, awe amelala vizuri usiku wa Jumamosi, na asiwe yule aliyeahidi tarehe kwa wakubwa.